Anemoni nyeupe pee? Msidanganyike
Jamani nilinunua anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua, samaki wadogo waitwao klaunfishi huishi ndani yake) ya klaunfishi wangu wawili kwa duka moja hapa Nairobi, muuzaji akaniapia ati ule weupe ndio urembo wake, kumbe imepauka, mwani unaoishi ndani yake na kuilisha umeshatoka wote! Mdomo wazi, mguu umechanika, siku ya nne imekufa na maji yananuka. Nyota moja, na hiyo ni huruma tu.

Ya pili nikatoa kwingine, kahawia, mdomo umefunga, imeng'ang'ania kioo mpaka kuibandua ilikuwa kazi. Tangi lina miezi nane sasa, chumvi gramu 35 kwa lita, joto 26, taa kali, pampu nimeivisha sponji maana hizi vitu hutembea, ikinyonywa ni supu tangi zima. Klaunfishi wenyewe bado wanalala kwa hita, wajinga hawa.