Pikipiki nyepesi ya kusafiria: ipi ununue kama unaenda na lami, upepo na mlima

Wakuu habari. Swali la kwanza la mtu anayetafuta pikipiki ya kwenda nayo kazini wiki nzima alafu mwisho wa mwezi apige nayo Dar mpaka Iringa, au Dodoma mpaka Singida, huwa ni moja tu, inafika spidi ngapi. Hilo swali halikusaidii kabisa. Pikipiki nyingi za cc 150 (ukubwa wa injini) zinafika 100 au zinaikaribia ukiwa mwenyewe, tambarare, upepo umetulia, shida ni kwamba inafika huko ikiwa imemaliza kila kitu, resi imeisha mkononi, na mbele kuna mlima na nyuma kuna basi linawasha taa. Mimi naangalia hivi: ikiwa kwenye 80, imebakiwa na nini?

Kinachokula nguvu ni upepo. Ukitoka spidi 60 kwenda 90 ule mgandamizo wa hewa kifuani unapanda zaidi ya mara mbili, na nguvu ambayo injini inatakiwa itoe kuushinda inapanda zaidi ya mara tatu, na hapo bado hujakutana na upepo wa mbele wenyewe. Wanaopita Singida na Makambako wanaelewa, kuna siku geji inasoma 70 lakini resi umeshaivuta yote na haiongezeki. Alafu kuna kupanda juu, injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, na Iringa mjini iko juu ya mita 1,500, kwaiyo zile nguvu farasi 12 ulizotoka nazo Dar zikifika kule zimebaki 10 na kidogo, na mzigo ni ule ule.

Kwaiyo orodha yangu nimeipanga kwa kuangalia hiyo akiba, na pia spea, maana ukikwama Ruaha Mbuyuni jioni jina kubwa la kampuni halikusaidii kama hakuna fundi anayeijua.

Namba moja ni kundi la 200 za lami, yani TVS Apache RTR 200 4V na Bajaj Pulsar NS200. NS200 ina nguvu farasi 24 hivi, gia sita, injini inapozwa kwa maji. Apache ina farasi 20 hivi na gia tano, inapozwa kwa hewa na oili. Zote tanki ni lita 12. Hizi ukiwa 90 unaongea na mtu mzima, ukitaka kuovateki semi unashusha gia moja na inaitika, hukai upande wa kulia wa barabara ukiomba Mungu. Mimi ningechukua Apache, sio kwa sababu ina mbio kuliko mwenzake, haina, ila haina rejeta wala mipira ya maji ya kuvuja njiani na mafundi wa mikoani hawaiogopi. Kama unaishi Dar au Arusha na una fundi wako wa uhakika, NS200 ni bora zaidi kwenye mlima. Ubaya wa zote mbili ni siti ya abiria, mama watoto akikaa pale mpaka Morogoro atashuka ananuna na ana haki.

Namba mbili Honda CRF250L. Ingekuwa namba moja kwa mtu ambaye safari yake inaishia kwenye vumbi, kwa mfano anatoka lami anaingia Makete au Ludewa vijijini. Haitingishwi na mashimo, shokapu ni ndefu, injini ya 250 inatembea 90 bila kulalamika. Ila tanki lake ni chini ya lita 8, ukivuta resi dhidi ya upepo unatafuta sheli kila baada ya muda, siti iko juu karibu sentimita 88 kwaiyo mtu mfupi atateseka kwenye foleni, na ule urefu wake unafanya upepo wa pembeni uikute vizuri. Bei nayo ni ya mtu aliyejipanga.

Namba tatu TVS HLX 150 ya gia tano. Kwa mfuko wa watu wengi hii ndio ya kununua, nasema kwa moyo mweupe. Gia ya tano inashusha mzunguko wa injini ukiwa 75 mpaka 80, mtetemo unapungua, miguu haifi ganzi, mafuta yanakaa. Spea ziko kila mahali penye bodaboda. Usiilazimishe 95, iache kwenye 75 na itakufikisha Mbeya.

Namba nne Yamaha YBR125. Nguvu farasi 10 tu lakini imetengenezwa kwa heshima, gia tano, tanki lita 13, na imetulia barabarani kuliko 150 nyingi za bei rahisi. Mlima wa Kitonga kwenye barabara ya Iringa utapanda gia ya pili nyuma ya malori, ukubali tu.

Namba tano ndio Bajaj Boxer BM 150 na najua hapa watu watanuna. Boxer ni chuma, imelisha familia nyingi nchi hii na nyingine zinabeba gunia tatu za mkaa, siidharau hata kidogo. Lakini hiyo BM gia zake ni nne, zimepangwa kwa ajili ya mzigo, tairi ni nyembamba, 2.75 mbele na 3.00 nyuma, na breki ya mbele ni ya viatu. Ukiishikilia 85 saa mbili mfululizo unaiumiza, na oili yake ni lita moja na kitu tu, ikipungua kidogo injini inanoki. Kuna wanaoongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele ili ipumue kwenye lami, inasaidia tambarare, ila mlimani unalipa.

Za 100 na za 110 sizipangi. Chalinze unaenda na kurudi, zaidi ya hapo hapana. Honda XL125 za mnada wa serikali ni imara ila tairi zake za vumbi zinanguruma kwenye lami na kona ya mvua zinateleza. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 watu wanaitaja sana, ni nzuri kwa safari, ila inakaribia kilo 200, haihusiki na nyepesi.

Sasa upepo wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia hata wakiwa na pikipiki nzuri. Ukiwa unalipita semi kuna eneo la ubavuni ambapo upepo unakatika kabisa, pikipiki inakuwa nyepesi na unafurahi, ukitoka tu mbele ya kichwa chake hewa inakupiga yote kwa mara moja na inakusogeza. Jiandae kabla hujafika pale, bana tanki kwa magoti, legeza viwiko, angalia mbali. Anayekaza mikono ndio anayeyumba. Basi likija mbele yako hewa yake inakusukuma kwanza kuelekea nje alafu inakuvuta ndani, kwaiyo usitembee kwenye ukingo wa lami, acha nafasi pande zote mbili. Na Mikumi, ile kama kilomita 50 inayokatiza hifadhini, punguza bila kujali una pikipiki gani, nyati hana endiketa.

Usifunge boksi kubwa la nyuma ukalijaza vitu vizito, mbele panakuwa pepesi na usukani unaanza kucheza ukifika 80. Vizito viweke chini, pembeni, karibu na siti. Kioo kikubwa cha kuzuia upepo kilichofungwa kwenye usukani nacho sikipendi kwa pikipiki nyepesi, upepo wa pembeni ukikipiga unaingia moja kwa moja mikononi.

Kama unanunua ya mtumba, muuzaji atakuzungusha mtaani, gia ya pili, mashimo, utasema iko poa. Mwambie mnaenda lami. Ifikishe 80, legeza mikono bila kuachia, sikiliza usukani. Ukicheza kunaweza kuwa na beringi za shingo zilizokufa, bushi za ule mkono unaoshika tairi la nyuma, au rimu iliyopinda, na vyote vinatengenezeka lakini vishushe kwenye bei. Akikataa isitoke mtaani, mrudishie funguo.