Gari ya safari ndefu: acha kuuliza cc, angalia kimo

Mtu akitafuta gari ya safari ndefu swali la kwanza ni "ina cc ngapi?", akiambiwa 1000 anatabasamu, akiambiwa 2500 anaaga. Kwa gari ya kuzunguka mjini sawa, huko unaondoka unasimama unaondoka tena, injini kubwa inakukamua kweli. Ila kama kazi yako ni kilomita 400 au 600 kwa mkupuo, gari imekaa spidi ile ile masaa na masaa, cc ni kati ya vitu vya mwisho kuangalia. Huko anayekula mafuta yako ni upepo.

Na upepo hana huruma. Ukitoka 100 kwenda 120 umeongeza mwendo kwa asilimia 20 tu, lakini nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma imepanda asilimia 44, kwa sababu inapanda kwa mraba wa spidi. Toka 90 mpaka 120 ni asilimia 78! Sasa gari ndefu kwenda juu, pana kifuani, inasukuma hewa nyingi zaidi kila mita inayotembea, na hilo halifutwi na injini ya kisasa wala kibandiko cha "eco" kwenye buti.

Ushahidi mzuri ni Camry na RAV4 za petroli za 2023, maana zina injini moja, 2.5 ile ile, gia nane zote mbili. Kwa vipimo vya EPA, shirika la mazingira la Marekani, mjini Camry (toleo la LE, linalovutwa na tairi za mbele) inatoa kama kilomita 11.9 kwa lita na RAV4 11.5, yaani hakuna cha kugombania. Barabara kuu Camry inaenda 16.6 na RAV4 14.9. Hapo kipimo chenyewe hakijakaa 120 muda wote, ukikaza mguu pengo linapanuka. Utamu zaidi unakuja ukichukua RAV4 ya haibridi, yaani ya injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, ya mwaka huo huo: barabara kuu inatoa kama 16.2. Umelipia betri na mota, na bado Camry ya petroli tupu imekupita, hasa kwa sababu imelala chini.

Kabla ya orodha, neno moja kuhusu namba za kwenye tangazo. Hizi namba zinatoka kwenye vipimo tofauti na hazilingani kabisa. Gari za Japani za miaka ya nyuma zilipimwa kwa 10-15 mode ambayo spidi ya juu ni 70, halafu ikaja JC08 ambayo mwisho wake ni 81.6. Kwa hiyo ukiona tangazo "kilomita 30 kwa lita, JC08", hiyo gari haijawahi kupimwa kwenye mwendo wa safari, usishangae ukipata 20. Ulaya walikuwa na NEDC, kipimo cha kilomita 11 hivi na mwendo wa wastani wa 34 kwa saa, ndoto tupu, mpaka WLTP ilipoanza kuchukua nafasi 2017. WLTP ina afadhali kubwa kwa sababu imegawanywa vipande, na kipande cha mwisho kinagusa 131. Hicho ndicho cha kutafuta kwenye makaratasi ya gari, ile namba ya mwendo wa juu kabisa, achana na ya wastani inayoandikwa kwa herufi kubwa.

Haya, kwa mtu ambaye nusu au zaidi ya kilomita zake ni barabara kuu, mimi napanga hivi.

1. Saluni au hachibeki ya haibridi, iliyo chini

Najua watu watasema haibridi ni ya foleni. Wana hoja, na wengi wanaouza hawakuambii. Chukua Corolla ya 2023, EPA hao hao: ya petroli mjini 13.6, ya haibridi 22.5, karibu kilomita 9 za tofauti kwa kila lita. Barabara kuu ya petroli 17.4, ya haibridi 19.6. Faida imebaki kilomita mbili, kwa sababu ukiwa unateleza spidi moja hakuna kukanyaga breki, na haibridi inavuna umeme wake kwenye breki.

Ila bado naiweka ya kwanza. Injini za haibridi za aina hii zinatumia mzunguko wa Atkinson, zinafinya mafuta kuliko injini ya kawaida hata mota ikiwa imelala. Toyota walisema injini ya Prius iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2015 inafikisha asilimia 40 ya joto la mafuta kuwa kazi, na kwa injini ya petroli hiyo ni namba ya heshima. Halafu safari ya kweli ina matuta, malori ya kufuata nyuma kilimani, miji midogo ya kupita kwa 50, hapo kote unarudishiwa kidogo kidogo. Prius ya 2023 ile ya bei ya chini inapewa kama 23.8 barabara kuu, na sijui gari ya petroli tupu ya ukubwa huo inayoigusa.

Ukinunua iliyotumika, kabla hujaongea bei fungua mlango wa nyuma, mulika simu kwenye tundu la hewa pembeni ya siti (Prius nyingi liko hapo). Hewa ya kupoza betri inapita humo. Ukikuta limeziba kwa vumbi na manyoya, betri imekuwa ikipikika muda mrefu na muuzaji hawezi kukwambia imebakiza nini. Shusha bei au ondoka.

Haibridi ya kuchomeka kwenye umeme siipandishi hapa. Chaji ikiisha, na kwenye safari ndefu itaisha mapema sana, unabaki na haibridi ya kawaida iliyobeba betri kubwa bure. Hiyo ni ya mtu anayelala nyumbani kila siku.

2. Dizeli ya chini, saluni au wagoni

Hii wengine wataiweka ya kwanza, na kama unatembea 130, umejaza watu na mizigo, milima ni mingi, sitabishana nawe. Dizeli inabana hewa zaidi, haina kile kifuniko cha hewa kinachoikaba petroli ukiwa umekanyaga kidogo, na lita moja ya dizeli yenyewe ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kama asilimia 10 mpaka 15. Kwa hiyo ukilinganisha kilomita kwa lita kumbuka lita hazifanani, na bei ya pampu nayo haifanani, piga hesabu ya pesa sio ya lita.

Imekosa namba moja kwa sababu ya gharama za pembeni. Nozeli, pampu ya presha, tabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini), na kile kichujio cha moshi cha dizeli mpya, DPF, ambacho kinahitaji safari ya moto kujisafisha. Ukiwa mtu wa safari ndefu kinajisafisha chenyewe barabarani wala hujui. Ila ukimnunulia mtu ambaye siku tano anapeleka watoto shule kilomita mbili na kurudi, kitaziba na kitakuumiza. Na kama mafuta ya unakopita huyaamini, dizeli ya kisasa sio rafiki wa mafuta machafu.

3. Saluni ya petroli ya kawaida, 1.5 mpaka 2.0

Hii ndio chaguo la mtu mwenye akili na bajeti. Tofauti ya ile kilomita mbili na haibridi, kwenye kilomita 1,000 ni kama lita 6. Chukua tofauti ya bei ya kununua, gawanya, uone itakuchukua kilomita ngapi kuirudisha. Kwa mtu ambaye mjini haingii mara nyingi, mara nyingi hairudi mapema.

Cha kuangalia hapa ni gia. Saluni mbili za 1.5, moja ina gia nne za zamani, nyingine CVT (gia isiyo na hatua) au gia sita, hizo sio gari moja hata kidogo. Ukiipima njiani ifikishe 100 halafu tazama mshale wa mizunguko: ukikaa kwenye 2,000 au chini kidogo hiyo imetengenezwa kwa masafa, ukiwa 3,000 na kitu injini inafanya kazi ya ziada safari nzima na masikio yako yataijua.

4. Krosova

Krosova ni SUV nyepesi kama RAV4, na namba za RAV4 hapo juu zimeshasema. Kama barabara ya mwisho kufika kwenu ni mbovu au una mzee ambaye kushuka kwenye gari ya chini ni shughuli, nunua krosova kwa amani, hiyo ni sababu. Sababu ya "naona mbele vizuri" utailipia kila ukijaza. Chukua ya tairi za mbele tu kama matope sio maisha yako. Zile za injini ndogo yenye tabo, 1.2 na 1.5, ni nzuri ukiwa mpole, ila ukianza kuovateki kila lori tabo inaomba mafuta kama injini kubwa, na pale ndipo watu wanakuja kulalamika kwamba wamedanganywa.

5. Vigari vidogo vya cc 660 mpaka 1000

Wengi hawatapenda kuviona huku chini. Mjini vinanusa tu mafuta, hakuna ubishi. Lakini zile za 660 za Japani mwisho wake ni nguvu za farasi 64, na nyingi zimejengwa kama kabati, ndefu juu na bapa mbele ili watu wanne wakae. Ukiipeleka 110 injini inalia juu kabisa, umekanyaga mpaka mwisho, kiyoyozi kinagombania nguvu na wewe. Hapo unaweza kukuta saluni ya 1.8 inapita pembeni yako imetulia na inakula sawa na wewe, au chini yako. Ukikubali kutembea 80 ni gari nzuri, ila je utakubali, basi likiwa nyuma yako linakuwashia taa?

6. SUV za boksi na pikapu

Nzito, ziko juu, mbele bapa, tairi pana. Kama kazi inazihitaji hakuna mjadala. Jambo moja tu ambalo watu hawalioni: huku chini ndiko kila kilomita ya ziada ina thamani. Ukihama gari ya 8 kwa lita kwenda ya 10, kwenye kilomita 1,000 umeokoa lita 25. Ukihama ya 16 kwenda ya 20, umeokoa 12 na nusu. Kwa hiyo mwenye SUV ya petroli akihamia ya dizeli ya aina ile ile anaweza kuokoa kuliko jirani yake anayehangaika kutoka saluni kwenda haibridi.

Gari yoyote utakayochukua, keria ya juu ing'oe kama haina mzigo. Boksi la juu kwa spidi ya safari linaweza kuongeza ulaji asilimia 10 mpaka 25 kwa mahesabu ya wizara ya nishati ya Marekani, wakati la kufunga nyuma ya gari linakaa kati ya 1 na 5. Unaweza kununua haibridi kwa pesa ndefu halafu ukaila faida yote kwa keria inayopiga mluzi. Upepo wa ndani ya tairi ukipungua unaongeza ulaji kidogo kuliko watu wanavyodhani, psi 10 (kipimo cha presha) pungufu ni kama asilimia 2, ujaze kwa ajili ya usalama kwanza.

Na usimwamini muuzaji anayekuonyesha namba ya kwenye dashibodi. Ile inaweza kuwekwa upya kwenye mteremko, na hata ikiachwa nyingi zinajipendelea. Ukipata nafasi ya kuijaribu gari, jaza fulu mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari sifuri, tembea kilomita za kutosha, kuanzia 200 hivi, kwenda na kurudi njia ile ile ili mlima na upepo vifidiane, rudi pampu ile ile ujaze mpaka ikate tena. Kilomita gawanya kwa lita. Akikataa uitoe hata kilomita 50, basi angalau ipeleke 100 kwenye barabara tambarare, zima redio, na utazame ule mshale wa mizunguko.