Dirisha la kupokelea fedha za nje, Tanga mjini: haraka ipo, bei ya dola ndiyo tatizo

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikipokea fedha za matumizi ya mama, ambazo kaka yangu hututumia kwa dola kutoka Muscat, katika dirisha moja la wakala lililoko mjini Tanga. Huduma ni ya haraka: ukifika na kitambulisho cha NIDA na namba ya muamala, hukai kwenye benchi zaidi ya dakika kumi, na keshia huzipitisha noti kwenye mashine mara mbili huku amekugeuzia kioo ili usome mwenyewe. Mama, ambaye mashine hajaziamini hata siku moja, huzihesabu upya barazani.

Lawama yangu iko kwenye ubao wa bei. Tangazo la mlangoni linasema kupokea ni bure, na kweli hukatwi ada. Lakini dola hubadilishwa kwa bei yao wenyewe, ambayo mwezi uliopita ilikuwa chini kwa shilingi 60 kuliko bei ya benki iliyo hatua chache kutoka hapo. Kwa dola 200, shilingi 12,000 zilibaki dirishani, wala risiti haikuzitaja. Hiyo ni karibu asilimia 2.5, kabla ya kuhesabu alichotozwa kaka kule Muscat, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni kwamba ifikapo 2030 gharama yote ya kutuma iwe chini ya asilimia 3.

Nilipouliza, kijana wa kaunta alinijibu kwa adabu, "Bei ya dola inatoka juu, mzee wangu." Nusu ya jibu hilo naikubali. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, wenye mitaji wakazikimbilia hati fungani za huko, na nchi zinazoagiza mafuta na mbolea kwa dola, yetu ikiwemo, zikabaki kugombania dola chache. Hata hivyo, misukosuko hiyo huyapata maduka yote ya mtaa kwa pamoja, kwa hiyo haielezi zile shilingi 60.

Linanikera zaidi kwa sababu ya aina ya fedha zenyewe. Mtaji wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani una wanahisa wanaosubiri gawio, TotalEnergies ikiwa na asilimia 62. Fedha za kaka huja kila mwisho wa mwezi na hazidai chochote.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Dirisha nitalitumia jioni, benki ikishafungwa; siku nyingine kaka atatuma kwenye akaunti.