Kisu kilichovunjika na fundi asiyetaka kuangalia ufa

Nusu ya sehemu iliyovunjika ilikuwa nyeusi. Naanza na hilo kabla ya jingine lolote, maana ndilo fundi aliyeniuzia hataki kulisikia. Chuma kikivunjika sasa hivi mbele yako, ndani huwa cha kijivu, kinang'aa. Ukikuta weusi, jua ufa ulikuwepo siku nyingi. Kisu changu kilikuwa kimepasuka kabla sijakishika. Kilipasuka huko huko karakanani, siku kilipotolewa motoni kikiwa chekundu na kuchovywa kwenye mafuta. Kikasuguliwa, kikang'arishwa, kikatiwa mpini wa kupendeza, kikauzwa. Nikakinunua mimi.

Ilikuwa jioni ya mvua, mwezi siukumbuki vizuri. Tulikuwa kambini, hema limeshasimama, kuni zote zimelowa kwa juu. Katika hali hiyo ukitaka moto unapasua kuni ili uupate moyo mkavu wa ndani. Nikachukua kipande chembamba kuliko kifundo cha mkono wangu, kimenyooka, hakina hata fundo la tawi. Nikaweka makali juu yake, nikawa napiga mgongo wa kisu kwa kipande kingine. Pigo la kwanza, la pili. La tatu nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama sahani inapopasuka, na mkono ukawa mwepesi ghafla. Nilikuwa nimebaki na mpini peke yake. Bapa lilikuwa limesimama kwenye kuni.

Mwanangu alikuwa amechuchumaa upande wa pili, hatua mbili tu, anasubiri vijiti vya kuwashia. Bapa lile lingeruka, lingekwenda upande wake. Hasira yangu yote inaanzia hapo.

Kesho yake nikamwandikia fundi kwa heshima: "Fundi, habari za kazi. Kisu kimevunjika, naomba tuongee." Akajibu: "Kaka, kisu si shoka." Nikamweleza unene wa kuni. Nikamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyeniambia kisu hicho kinapasua kuni asubuhi na kukata nyama jioni, nisihangaike kubeba kingine. Akajibu: "Visu vyangu havina tatizo. Tatizo ni mkono." Nikaupiga picha ule weusi, kwa karibu kabisa, mchana kweupe, nikamtumia. Akazifungua. Kimya. Hata pole hakusema. Na wakati ule sikuwa nadai pesa. Nilitaka aende akaangalie vile vingine alivyovichovya siku moja na changu, kwa sababu viko mikononi mwa watu, na watu hao wana watoto.

Baada ya hapo sikulala vizuri mpaka nijue nini hasa kilitokea. Nimesoma, nimeuliza wahunzi, nimewaonyesha vile vipande viwili. Nusu ile nyingine, ambayo haikuwa nyeusi, nayo ina maneno yake: chembe zake ni kubwa, unaziona kwa macho, kama chumvi ya mawe. Chuma kilichochomwa vizuri ukikivunja ndani huwa laini, huoni chembe. Chembe zinakua hivyo chuma kikitiwa moto kupita kiasi au kikiachwa motoni muda mrefu. Na kumbe kuna njia rahisi kabisa ya kujizuia. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi sumaku haikishiki tena. Mhunzi asiye na kipimajoto anakigusisha sumaku, ikikataa kunasa anakipandisha kidogo tu juu ya hapo, kisha anakichovya. Kipande cha sumaku! Halafu baada ya kuchovya, chuma ni kigumu lakini ni kama kioo, kwa hiyo kinarudishwa kwenye joto dogo, karibu nyuzi 200, saa moja au mbili, na wengi wanarudia mara ya pili. Hatua hiyo ndiyo inayokipa uvumilivu. Mtu anayeiruka au kuiharakisha anauza kioo chenye mpini.

Kuna na ile kona. Mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini ulikutana na bapa kwa kona kali, kama ya sanduku. Nguvu yote ya pigo inakwenda kukusanyika kwenye kona ya namna hiyo. Wenye kujali wanaipinda, yaani wanaitoa ukali iwe ya mviringo, kwa tupa ya mviringo, kazi ya dakika chache. Nilipoishika ile kona kwa kidole baada ya kuvunjika nilitukana, na huwa situkani. Bora kisu ambacho chuma chake kinakwenda upana wote wa mpini mpaka mwisho, unakiona kwa pembeni kikiwa kimebanwa na vipande viwili vya mti. Ingawa hapa lazima niseme ukweli: nimeona visu vya mkia mwembamba vimepigwa miaka na havijatetereka, kwa sababu aliyevitengeneza aliipinda kona yake. Kwa hiyo mkia peke yake hauna hatia. Kilichoniudhi ni uvivu.

Wakati nakinunua alinyoa nywele za mkono wake mbele yangu, nikaona nimepata. Mtu yeyote anayefikiria kununua kisu kilichofuliwa kwa mkono asikubali kunyolewa macho namna hiyo. Hata chuma laini kikinolewa vizuri kinanyoa siku ya kwanza. Mwombe akibonyeze makali kwenye kijiti cha shaba, kidogo tu, makali yajikunje. Yakirudi yalivyokuwa, sawa. Yakibaki yamejikunja, chuma ni laini. Yakimeguka, ni kile kile changu. Akikasirika kwa kuombwa hivyo, umeshapata jibu lako.

Na jikoni? Hata kabla hakijavunjika kilikuwa kisu kibaya cha chakula, sema nilikuwa sitaki kukubali kwa sababu kilikuwa kizuri kutazama. Mgongo wa milimita 5 haukati karoti, unaipasua. Kipande kinaruka kando kabla makali hayajafika chini. Kitunguu kinapondeka na kukutoa machozi mara mbili ya kawaida. Bapa halikuwa na kimo, kwa hiyo ukikata juu ya ubao vidole vinagonga ubao kabla makali hayajagusa. Halafu ile kinga ya vidole ya shaba iliyonivutia dukani inazuia sehemu ya nyuma ya makali isishuke chini kabisa. Na kati ya kinga na mti palikuwa na upenyo, mwembamba kama ukucha, maji ya nyama yanaingia humo na hayatoki. Baada ya wiki chache mpini ulikuwa unanuka. Kisu cha chakula kinachonuka! Nilikuwa nachokonoa kwa kijiti cha meno na kumwaga maji ya moto, na bado.

Hapo ndipo nilipotaka kuandika kwamba msinunue kabisa visu vya kufuliwa kwa mkono, chukueni cha kiwandani, angalau vyote vinapita kwenye tanuri moja lenye kipimo. Nilikuwa nimeshaanza hata kuandika.

Lakini kulikuwa na kisu cha pili. Wakati nachagua, nilikuwa na mafundi wawili, na wa pili nilimwacha kwa sababu kisu chake hakina sura. Bapa jembamba, milimita 2 na ushee, pana kiasi, halina kinga, mti wa mpini haukupakwa rangi. Huyu wa pili ni mzee. Nilipomfuata mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, utakata nini nacho zaidi?" Nikasema kila kitu, kuni na chakula. Akaniambia chukua kisu cha chakula, na kwa kuni beba msumeno mdogo au shoka dogo. Nikaona huyu anakwepa, hajiamini na chuma chake. Nikaenda kwa yule aliyenihakikishia yote.

Nilirudi kwa mzee baada ya yaliyonipata, nikiwa nimenuna. Hakunicheka. Alichukua vipande vyangu viwili, akavigeuza kwenye mwanga, akaweka ukucha kwenye mpaka wa weusi na kijivu, akasema "Hii ilikufa siku ya kuzaliwa." Nikanunua kile kisu nilichokidharau.

Sasa niseme tu, kisu kile kimenipa furaha ambayo sikuitarajia kwa kitu cha chuma. Kinapita kwenye nyanya bila kuikamua. Karoti inatoka vipande vyembamba unavyoweza kusoma kupitia. Mpini umebanwa kwa riveti, hauna upenyo hata wa unywele, nimeupitisha kucha pande zote. Jioni nikimaliza kupika nakifuta na kukitazama. Familia imeshanizoea.

Halafu nacho kikaniudhi. Safari moja tulirudi usiku, nimechoka, nikakirudisha kwenye ala yake ya ngozi bila kukikausha vizuri. Nilipokitoa siku chache baadaye kilikuwa na madoa ya kutu, mengine yameshachimba. Ni chuma cha kaboni, siyo chuma cha pua kisichoshika kutu upesi. Kutu ni jirani yake. Nikamwandikia mzee kwa ukali ambao sasa unanisumbua. Akajibu: "Pole sana mwanangu. Kosa langu, sikukwambia. Ala ni ya kubebea, siyo ya kuhifadhia. Ngozi inashika unyevu. Kilete nikisugue." Hakuwa na kosa lolote! Kosa lilikuwa langu mtupu, na bado pole ilitangulia. Nilikaa nikiusoma ujumbe ule, na yule wa kwanza akanipanda tena kichwani upya, kwa sababu neno moja kama hilo lingetosha. Ningesamehe kisu.

Au nisingesamehe. Nikikumbuka mtoto alipokuwa amechuchumaa, sijui.

Kwa hiyo ukiniuliza leo kipi, nakwambia chembamba, chuma mpaka mwisho wa mpini, bila kinga, na msumeno pembeni. Siku hizi kisu changu kimepata rangi ya kijivu na buluu kutokana na limau na nyanya, hiyo haina neno, inakilinda kidogo na kutu mbaya. Nakiosha kwa mkono, nakikausha hapo hapo, napaka tone la mafuta ya kula kama hakitatumika muda mrefu. Mwenye haraka, au anayekaa karibu na bahari, achukue chuma cha pua tu. Simlaumu, chumvi haina huruma. Kinene sikipendekezi kwa anayepika. Ingawa nakiri, jioni ya mvua, msumeno umesahaulika nyumbani, ningetamani kinene kilichochomwa na mzee huyu. Nilimwambia hivyo juzi juzi.

Akaniambia lile bapa langu lililovunjika linaokoleka. Urefu uliobaki mbele ya ufa unatosha kisu kifupi. Chembe zile kubwa zinaweza kurudi ndogo kikipashwa moto na kuachwa kipoe hewani, mara kadhaa, ndipo kichovywe upya, na kona safari hii ataipinda. Hatachukua chochote, anataka tu kuona chuma chenyewe kilikuwa cha namna gani. Nikamjibu sitaki kukiona tena kambini kwangu. Akasema, "Sawa, ni chako." Kipo juu ya kabati, kimefungwa kwenye gazeti, mbali na mikono ya watoto. Jumamosi nampelekea.