SIG P365 kwa anayeishi Maryland: uzoefu wangu

Sheria ya Maryland, jimbo la Marekani, hairuhusu duka kuuza magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya zaidi ya risasi 10. Ukinunua Glock 19 huko, unapewa bastola iliyoundwa kubeba risasi 15, ila magazini yake imezibwa ndani isipite 10. Unene ni uleule na uzito ni uleule. Kilichopungua ni risasi tano tu. Ndiyo sababu mimi napendelea SIG P365 ya milimita 9. Tangu ilipotoka mwaka 2018, magazini yake fupi inayoishia sawa na mpini ni ya risasi 10. Unene wa bastola ni kama milimita 27, mtutu milimita 79, na uzito wake pamoja na magazini tupu ni karibu nusu kilo. Glock 19 iko karibu gramu 670. Kwa silaha ya kukaa kiunoni kutwa nzima, tofauti hiyo si ndogo.

Usianze dukani, lakini. Tangu Oktoba 2013 mnunuzi wa kawaida wa bastola Maryland lazima kwanza awe na leseni iitwayo HQL, na awe ametimiza miaka 21. Somo lake ni la saa nne na unafyatua angalau risasi moja mbele ya mkufunzi anayetambuliwa na Polisi wa Jimbo. Kisha unachukuliwa alama za vidole kwa mashine na kutuma maombi mtandaoni kwa dola 50. Walioipinga leseni hii mahakamani walishindwa mwaka 2024, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa yao. Usiahirishe kwa kutumaini itafutwa.

Ukishaipata, muuzaji anajaza fomu ya 77R, yaani maombi ya jimbo ya kununua bastola, na unasubiri siku saba. Kwa kawaida unaruhusiwa silaha moja ya aina hii kila siku 30. Ukiidhinishwa, kamilisha ununuzi ndani ya siku 90, la sivyo unaanza upya.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hukwamia zaidi kwenye majina. Mtu ana majina matatu kwenye pasipoti, mawili kwenye Green Card, na leseni ya udereva imeyageuza mpangilio. Yasawazishe kabla ya kwenda kwenye alama za vidole. Anwani ya kitambulisho nayo iwe ya unapoishi sasa. Mwenye Green Card anaruhusiwa kununua, ila namba yake ya uhamiaji inaandikwa kwenye fomu ya serikali kuu. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya kutembea haruhusiwi, isipokuwa ana msamaha unaotajwa na sheria, kama leseni halali ya kuwinda. Na usikubali kabisa kutumiwa pesa na binamu ili umnunulie kwa jina lako. Fomu inauliza kama mnunuzi halisi ni wewe, na kudanganya hapo ni kosa la jinai la serikali kuu, hata kama binamu mwenyewe hana doa lolote.

Turudi kwenye bastola. Faida yake kubwa kwa jimbo lenye foleni ya vibali ni hii: kisheria silaha ni kile kiini cha chuma chenye triga na namba ya usajili. Mpini wa plastiki ni kifaa tu. Ukiona mpini mfupi haukutoshi kiganjani, nunua mpini wa XL, ulio mrefu zaidi, na uhamishie kiini humo, bila 77R nyingine. Angalia tu kwamba magazini fupi haifai mpini mrefu. Tafuta ile ya mwili mrefu iliyotengenezwa ya risasi 10. Duka la Maryland haliruhusiwi kukuuzia ya 12 wala ya 15. Ukomo huo ni wa magazini, kwa hiyo risasi iliyo tayari chemba, yaani ndani ya mtutu ikingoja kufyatuliwa, haihesabiwi.

Wepesi una gharama. Mshtuko wake unapofyatua ni mkali kuliko wa Glock 19, na ukiishika kwa kiganja kilicholegea slaidi (sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma) hairudi nyuma vya kutosha. Ganda tupu linabanwa kwenye mlango wa kutolea maganda na bastola inakwama. Wengi hulaumu risasi, kumbe ni kifundo cha mkono kilichojipinda. Magazini mpya nayo ni ngumu: risasi ya tisa na ya kumi zinaumiza kidole gumba. Tumia kifaa cha kujazia, na uiache imejaa siku chache ili springi ilegee kidogo. Kabla ya kuitegemea, piga angalau risasi 200 za mazoezi, kisha magazini mbili tatu za risasi zilezile utakazobeba, maana za ncha iliyo wazi hazipandi chemba sawa na za ncha mviringo.

Kwa mwenye mikono isiyo na nguvu, mzee au mwenye baridi yabisi, nashauri P365-380, toleo lake la risasi za .380. Ni ya risasi 10 pia, lakini slaidi yake inavutika kwa urahisi zaidi. Usichanganye tu risasi zake na za milimita 9.

HQL ni ya kununua, haikupi ruhusa ya kuvaa. Kibali cha kubeba kinahitaji somo la saa 16 na jaribio la kulenga shabaha. Bila hicho, unaipeleka uwanja wa shabaha ikiwa tupu, ndani ya mkoba uliofungwa. Nyumbani, tangu Oktoba 2023 sheria ilipokazwa, ukiiacha mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 18 asiye na msimamizi anaweza kuifikia, unaweza kushtakiwa. Weka bei ya kisanduku cha chuma kwenye bajeti yako.

Siku ya kuichukua, soma namba ya usajili kupitia kidirisha kilicho ubavuni mwa mpini, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile ya kwenye 77R. Hesabu matundu ya magazini zote mbili, yale yanayoonyesha idadi ya risasi. Ikiwa kuna tarakimu moja iliyokosewa, mwambie muuzaji airekebishe ukiwa bado umesimama mbele yake.