ThinkPad T470 ya mtumba: mashine ya blogu, podikasti na uchokonozi wa Linux

Niseme mapema: kama unatafuta kompyuta ya kuhariri video au kucheza gemu nzito, pita kushoto. ThinkPad T470 ilitoka mwaka 2017, kioo chake kibovu na spika zake hazina besi hata ya kuazima. Ila kwa mtu wa aina yangu, anayeandika blogu usiku, anayerekodi podikasti ya mafundi wa mtaani siku za Jumamosi, na muda unaobaki anaumalizia kwenye Linux (mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows), sijaona mashine ya bei hii inayoifikia. Sababu yenyewe wala siyo kasi. Ni betri.

Niliinunua Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, kwa laki nne na themanini. Muuzaji alianzia laki sita, akaniapia: "Bosi, hii ni jiwe, imetoka ofisini Ujerumani." Kuhusu Ujerumani alikuwa mkweli, na nitaeleza nilivyojua. Bei ya T470 imeshuka kwa sababu isiyohusiana na ubora wake. Yangu ina prosesa ya Intel i5-7300U, yaani kizazi cha 7, na Windows 11, kwa karibu mashine zote, inaanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo Microsoft waliiacha mkono tarehe 14 Oktoba 2025. Basi ofisi za Ulaya zinaziondoa, makontena yanazibeba, na huku dukani unauziwa ikiwa na Windows 10 kana kwamba hakuna kilichotokea. T480, mdogo wake wa mwaka uliofuata, yenye kizazi cha 8, niliikuta kaunta hiyo hiyo ikiwa juu kwa laki moja na nusu. Hiyo laki na nusu ndiyo niliyonunulia RAM na maiki.

Ukienda kununua, beba flashi yenye Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Washa mashine huku unabonyeza F12, chagua flashi, na mfumo utawaka bila kugusa diski ya muuzaji. Yule wa kwangu alinitolea macho, "Kaka, unaihaki?", lakini aliniacha. Ukifika ndani fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `upower -d`. Kila betri itajieleza: ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo gani, na leo umebaki kiasi gani. Betri ya nje ya mashine yangu ilikuwa na asilimia 41 tu, na namba ile kwenye kioo ilinipunguzia bei kuliko maneno yoyote ambayo ningesema. Kabla ya kulipa zima, washa tena na ubonyeze F1 uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikuomba nenosiri, rudisha mashine mezani uondoke. ThinkPad iliyofungwa na nenosiri la msimamizi huifungui kwa kuchomoa kile kibetri kidogo cha saa kama kompyuta nyingine, na fundi anayekwambia "tutaitoa tu" anakutafutia gharama.

Jambo jingine la dukani: T470 na T470s zinafanana ukiziona kwa mbali, na wauzaji wengi huzitaja kama kitu kimoja. T470s ni nyembamba na inapendeza mkononi, lakini sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi na betri zake zote mbili zimo ndani. Ninachokisifia hapa hakipo kwenye ile yenye "s".

Sasa nirudi kwenye betri. T470 ina mbili. Moja ndogo ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) iko ndani, nyingine iko nje, nyuma, unaitoa kwa kusukuma vibanio viwili. Mashine hula ya nje kwanza. Ikiisha unaichomoa kompyuta ikiwa inawaka, ile ya ndani inashikilia, unapachika nyingine na kazi inaendelea. Betri ya nje huja kwa ukubwa wa aina tatu, na ile kubwa, iliyoandikwa 61++, ina Wh 72. Hiyo inatokeza chini na kuinua mgongo wa mashine, kwa hiyo haikai vizuri kwenye begi jembamba, lakini kibodi inapata mwinuko ambao viganja vyangu vimeupenda.

Kwa nini nang'ang'ania betri kiasi hiki? Siyo kwa ajili ya umeme kukatika tu, ingawa waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 hawahitaji kuelezwa. Ni kwa ajili ya sauti. Chaja za USB-C za bei ya chini zina mlio mwembamba unaoingia kwenye tundu la hedifoni pamoja na sauti ya msemaji. Kwa sikio huusikii chumbani, ila kwenye rekodi umo, mwanzo hadi mwisho. Kuna wanaouondoa kwa programu, na sauti ya mtu inabaki kama inatoka kwenye bomba. Mimi nachomoa chaja, mlio unakufa. Kwa betri kubwa na ile ya ndani naweza kukaa na fundi mchana mzima, nikarekodi, nikasikiliza, nikarekodi tena, bila kutafuta soketi. Fundi redio mmoja wa Tandika nilipomwomba tuzime na feni yake alicheka: "Kijana, zima vyote. Mimi nilishazoea kukaa gizani na joto."

Maiki ninayotumia ni Boya BY-M1, ile ndogo ya kubana kwenye kola, yenye waya wa mita 6 ambao kila mtu ameshauona kwenye video za harusi. Inaingia moja kwa moja kwenye tundu la T470 ukiiacha swichi yake upande wa simu. Hapa kuna kero: T470 ina tundu moja tu kwa maiki na hedifoni. Ukichomeka maiki, hedifoni hazina pa kwenda. Nilinunua kadi ndogo ya sauti ya USB ya elfu kumi, hedifoni zikahamia huko. Linux Mint kuanzia toleo la 22 inatumia PipeWire, programu inayoongoza njia za sauti, hivyo kuiambia "sikiliza kutoka huku, toa sauti kule" ni suala la kuchagua mistari miwili kwenye mipangilio ya sauti. Kiwango cha maiki huanzia chini mno, kipandishe kwenye `alsamixer`, programu ya terminali ya kurekebisha viwango vya sauti, kabla hujalaumu maiki. Na uikumbuke tabia ya Boya: inasikia pande zote. Adhana, bodaboda, jogoo wa jirani, mama anayeuliza kama mmeshakula, vyote vitaingia. Kwa podikasti ya mafundi wa mtaani mimi naviacha. Kwa podikasti ya mahubiri, tafuta maiki ya aina nyingine.

Kurekodi nafanya kwa Audacity, na kwa sauti peke yake i5 hii haitoi jasho, hata feni haiamki. Nusu saa ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, chaneli moja, ni kama MB 172. Ukiibana kuwa MP3 ya kbps 64, chaneli moja, inashuka hadi MB 14 na ushei. Kwa maongezi ya watu wawili hakuna atakayegundua, na msikilizaji anayehesabu bando atakushukuru. Nimeweka amri moja kwenye skripti niliyoiita `bana.sh`:

`ffmpeg -i kipindi.wav -ac 1 -b:a 64k kipindi.mp3`

Kabla ya hapo nasawazisha ukubwa wa sauti ndani ya Audacity hadi LUFS -19, kipimo ambacho waandaaji wengi wa podikasti za chaneli moja wanakifuata, ili mtu asilazimike kupandisha sauti kwangu na kurukishwa kitandani na kipindi kinachofuata.

Kibodi ndiyo iliyonithibitishia habari ya Ujerumani. Wajerumani wameweka Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Kwa anayeandika Kiswahili hilo siyo jambo dogo: "kalamu ya" inatoka "kalamu za", na kirekebisha tahajia hakisemi kitu kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Nilibadilisha mpangilio kuwa wa Kiingereza ndani ya Mint, nikabandika stika za herufi za elfu tano, na sasa hata stika zimefutika lakini vidole vimeshajua njia. Ukiacha hilo, sijawahi kuandikia kibodi nzuri hivi. Vitufe vinazama kwa kina, vinarudi kwa nguvu, na ile chunusi nyekundu katikati, niliyoidharau mwanzoni, ndiyo ninayosogezea mshale siku hizi.

Blogu naiendesha kwa Hugo. Naandika makala kwenye faili la kawaida la maandishi, Hugo inageuza kurasa zote kuwa HTML kwa muda usiotosha kuvuta kiti, kisha `git push` inapeleka GitHub Pages, ambako tovuti inakaa bure mradi isizidi GB 1. Hakuna hifadhidata, hakuna programu jalizi za kusasisha kila wiki, na ukurasa wangu wa kwanza ni mwepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Sauti siziweki huko, zingejaza nafasi mapema. Zinakaa Internet Archive, na Hugo hiyo hiyo inaniandikia faili la RSS ambalo programu za podikasti zinalisoma. Kiolezo cha RSS nilikiandika mwenyewe, na jioni ile niliifurahia kuliko vipindi vyenyewe. Angalizo moja: Hugo inayokuja kwenye hazina ya Mint ni ya zamani, na mandhari nyingi mpya zinaikataa. Pakua toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

Kuhusu Kiswahili ndani ya Linux, hali ni ya nusu-nusu. Menyu za Mint ukiziweka Kiswahili unapata mchanganyiko, neno moja letu, neno moja lao, na mimi nimeziacha Kiingereza. LibreOffice iko vizuri zaidi: ina Kiswahili, na kamusi ya kukagua tahajia unaipata. Kazi ya kuiswahilisha programu hiyo ya ofisi ina mizizi hapa nyumbani. Mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice (mama wa LibreOffice) kwa Kiswahili, mwaka 2004, wakati wengi wetu tulikuwa tunapanga foleni intaneti kafe. Ninapoona mstari mwekundu chini ya neno nililokosea tahajia, nawakumbuka wale vijana.

Nilijaribu pia kuifanya mashine iandike yenyewe yale yanayosemwa kwenye kipindi, kwa whisper.cpp. Hapa T470 inakiri umri. Modeli ndogo inamaliza kwa muda wa kuvumilika, lakini Kiswahili chake ni kama cha mtu anayesikiliza redio iliyoko chumba cha pili. Modeli kubwa zaidi inasikia vizuri, ila unaiacha ikifanya kazi ukaenda kulala, feni ikivuma hadi asubuhi. Nimeishia kuandika muhtasari kwa mkono.

Kwa uchokonozi wenyewe mashine hii ni rafiki. Ingia BIOS, zima betri ya ndani kwa chaguo lililowekwa kwa kazi hiyo, toa ya nje, fungua skrubu za chini kwa bisibisi ya kawaida, kifuniko kinaachia. Nafasi mbili za RAM, diski, kadi ya WiFi, vyote viko wazi mbele yako. Nimeongeza GB 8 juu ya 8 zilizokuwapo. Kisha weka TLP, programu inayokuruhusu kuiambia ThinkPad iache kuchaji ikifika asilimia 80, ili betri isizeeke haraka mashine inaposhinda kwenye chaja. WiFi, mwanga wa kibodi, kulala na kuamka, vyote vimekubali bila kuombwa. Kilichogoma ni kisoma alama ya kidole. Mfumo wa kawaida wa Linux haukitambui, na kuna programu ya pembeni, python-validity, inayokiamsha, lakini kila mara niandikapo nenosiri huona ni haraka kuliko hadithi hiyo.

Sasa kioo. T470 ziliuzwa na vioo tofauti, na yangu ina kile cha pikseli 1366 kwa 768, cha TN, aina ya kioo cha bei nafuu. Ukikiinamisha kidogo rangi zinageuka, na mchana ukiwa barazani unajiona mwenyewe kuliko unachoandika. Kwenye Audacity, ukifungua mistari mitatu ya sauti hakuna pa kuweka wa nne. Ukiikuta dukani yenye 1920 kwa 1080 ya IPS, aina ya kioo ambacho rangi zake hazigeuki ukikiinamisha, ongeza hata elfu hamsini bila kubishana. Mimi nitabadilisha. Kioo cha IPS chenye kiunganishi cha pini 30 kinaingia kwenye fremu ile ile, na fundi wangu ameniambia laki moja na sabini pamoja na kazi. Tumekubaliana mshahara ukitoka.