Duka la kofia Langoni, Lamu: nyota 4 kati ya 5

Nimenunua kofia ya vito (ile inayodariziwa vitundu vidogo vidogo) hapa wiki jana na wallahi kazi safi, vitundu vimezungushwa uzi kimoja kimoja kwa mkono, hata ukiigeuza ndani huoni fundo. Sh4,500 na sijutii. Lakini pale mbele wamejaza za mashine kutoka China, Sh250, na mwenye duka hakunificha, ndizo zinazotoka. Sasa mama anayekaa miezi na kofia moja barazani kwake atashindana vipi, na hana chama cha kumtetea bei? Wenzake washonaji wa viwanda vya EPZ, yale maeneo ya viwanda vya nguo za kuuza nje ya nchi, mwaka 2003 angalau waligoma pamoja. Nyota moja nimekata kwa sababu wamezichanganya rafu moja, mgeni atajuaje? Zitengeni jamani, na muandike jina la aliyeshona.